Mnaona maji ya buluu, hamuoni chumvi!

Haya nyie watoto wa mjini, hebu tuulizane. Ukisikia fulani anaishi kwenye nyumba yenye suimingi, kichwani inakujia picha gani? Najua. Miwani ya jua, juisi ya ukwaju yenye barafu, muziki unagonga, na mtu kajilaza kwenye kiti hana habari na dunia. Washikaji zangu wa pale Jaws Corner wananiona hivyo hivyo. Tukikaa kwenye kahawa hawaishi kunichokoza: "Mwenzetu kaukata, anaamka anaogelea, analala anaogelea." Miye nacheka tu. Mwaka wa tatu huu nalitunza bwawa la kuogelea, tena la maji ya chumvi, huko Pete, karibu na msitu wa Jozani. Nikihesabu mara nilizojitumbukiza humo kwa raha zangu, vidole vya mikono vinatosha na vingine vinabaki.

Bwawa lenyewe la ami yangu. Yeye na familia yake wako Maskati miaka mingi, na kama wenzake wengi wa huko, akajenga nyumba Unguja ili wakija likizo wanawe wapate pa kupumzika. Miye wakati ule nimeshamaliza skuli, kazi sina, nashinda Darajani nikihesabu daladala. Ami akasema, "Nenda ukakae shamba uniangalilie nyumba. Kazi yenyewe nyepesi, bwawa la chumvi halina dawa wala tabu. Kama bahari tu."

Kama bahari tu! Hapo ndipo wengi mnapopotea, basi leo nawapa darasa la bure.

Bwawa la maji ya chumvi si bahari. Bahari yetu ina chumvi karibu gramu 35 kwa kila lita. Bwawa la namna hii linataka gramu 3 mpaka 4 tu, unaweza kumeza funda moja bahati mbaya na usikunje uso. Bwawa la ami lina urefu wa mita nane, upana mita nne, na kina cha wastani mita moja na nusu, yaani lita 48,000. Piga hesabu: chumvi kilo 170 hivi, magunia matatu na kitu. Ukishaitia haitoki kwa jua. Maji yanapanda juu, chumvi inabaki. Inatoka kwa kumwagika, kwa kufurika, na pale unapoosha chujio.

Na hilo la kusema halina dawa ni hadithi. Kwenye bomba la kurudishia maji kuna chombo chenye mabamba ya titani, mafundi wanakiita seli. Maji ya chumvi yakipita humo na umeme ukawa unapita, ile chumvi inavunjwa inazaa klorini, dada yake yule yule mnayemnusa kwenye mabwawa ya hoteli. Klorini inaua vijidudu, kisha inarudi kuwa chumvi, safari inaanza upya. Kwa hiyo dawa ipo, ila inapikwa hapo hapo nyumbani. Na kwa taarifa yako, ile harufu kali inayokuwasha macho kwenye bwawa la umma si ya klorini nyingi. Ni klorini iliyogombana na jasho na mikojo ya waogaji. Nakuachia umtafakari mwenzako aliyekuwa akiogelea pembeni yako.

Kuoga kwa anasa si jambo geni hapa kwetu, tusijifanye tumeletewa na watalii. Seyyid Said alijenga hamamu kule Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mwanawe Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, akajenga ile ya umma ambayo mtaa mzima wa Hamamni umepata jina kwake. Zote mbili leo ni makavu, watu wanalipa kiingilio kutazama sakafu. Maji yakishaondoka, jengo la kuogea linabaki kichekesho.

Sasa turudi Pete. Naamka alfajiri, nikishaswali nachukua wavu wenye mpini mrefu naanza kuvua majani. Kwenye kona ya ua upo mkungu mkubwa, ami hakukubali ukatwe kwa sababu ya kivuli. Mkungu ni mti mzuri mpaka uwe na bwawa chini yake. Majani yake mapana yakilala majini usiku mmoja tu, yanatoa rangi ya chai. Halafu kuna wenye mji, kima punju. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuwaona kule hifadhini Jozani, miye wanakuja wenyewe asubuhi bila tiketi. Wanapenda machipukizi ya mkungu balaa. Wanakula nusu, nusu wanaimwaga bwawani, kisha wanakaa juu ya ukuta wananitazama kama wao ndio waliniajiri. Wakishiba wanashuka jikoni kwa nje kuniibia makaa. Kweli, wanakula makaa! Wataalamu waliowachunguza Jozani wanasema yanawasaidia tumboni, kwa vile majani ya miembe na mikungu yana sumu sumu fulani na makaa yanaifyonza. Kwa hiyo kwangu wanapata chakula na dawa yake pale pale. Siwafukuzi. Duniani kote hawapo ila hapa Unguja na wale wachache waliopelekwa Pemba, miye nani nimtupie jiwe.

Majani yakiisha nachukua kichupa cha kupimia. Klorini iwe kati ya moja na tatu kwenye kile kipimo. Pi-echi iwe kati ya 7.2 na 7.6. Bwawa la chumvi lina ukaidi wake hapa: pi-echi inapanda yenyewe kila siku, na ikipanda sana klorini inakuwa ipo lakini imelala, haifanyi kazi. Inabidi uishushe kwa asidi, ile ile ya mafundi wa marumaru. Wadogo zangu, sikilizeni hili hata kama hamtamiliki bwawa maishani: asidi inatiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye asidi. Ukigeuza, inakurukia usoni.

Kisha kuna chokaa. Kisiwa hiki tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, maji yake ya chini yamejaa chokaa. Ile seli inaota gamba jeupe kama sufuria ya kuchemshia maji, na gamba likiwa nene klorini haizaliwi. Kila baada ya wiki kadhaa naifungua, nailaza kwenye asidi iliyozimuliwa sana, inachemka povu, inatoka inang'aa. Ukiikwangua kwa kisu umeiua, na bei yake usiulize.

Umeme ukikatika siku moja si neno. Siku tatu kwa joto la Februari, maji yanaanza kuwa kijani kama supu ya mlenda. Wazee wa kazi hii mahotelini wanasimulia ule msiba wa Desemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa miezi mitatu gizani kwa hitilafu ya umeme unaotoka bara. Wasiokuwa na jenereta walifuga vyura. Waya mpya wa baharini ulikuja 2013, tukapata ahueni, lakini sitaki kujidai. Kopo la klorini ya unga lipo stoo.

Na mlango wa ua haukai wazi hata dakika moja. Watoto wa kijiji wanapenda maji na bwawa halijui mtoto wa nani. Kufuli mbili, ufunguo mmoja shingoni kwangu.

Mpaka hapo mtasema kazi yenyewe ya kawaida. Kweli, hayo yote niliyajua ndani ya miezi miwili. Kilichonikosesha usingizi kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Jirani yetu ni mama mtu mzima, tunamwita Bi Mkubwa. Ana kisima cha kuchimbwa kwa mkono, cha wazee wake, na kwa miaka yote kimetoa maji baridi. Bomba la serikali linapokuwa na siku zake, nyumba sita saba zinateka kwake. Siku moja kiangazi kimekaza, akaja getini na kikombe cha chai kwenye kisahani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema, "Onja, mwanangu."

Nikaonja. Chai ilikuwa na tangawizi, hiliki, sukari ya kutosha, na chumvi.

"Bwawa lenu mmelitia chumvi," akasema, "na kisima changu nacho mmekitia?"

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angefoka.

Kuanzia siku hiyo nikawa fundi wa mambo mengine. Nikauliza huku na kule, nikapata picha yote. Kampuni iliyojenga bwawa, siitaji, ilililijaza kwa kisima cha bomba walichokichimba humu humu uani, pampu inaunguruma usiku na mchana. Sasa kisiwa kama chetu, maji baridi ya chini hayana ziwa lake maalumu. Ni mvua iliyozama kwenye mwamba, imekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, kwa kuwa maji baridi ni mepesi. Pete tuna mikoko hapa karibu, ukipita ule ujia wa mbao wa hifadhi unaona maji ya bahari yanaingia na kutoka. Ukivuta maji baridi taratibu, mambo poa. Ukiyavuta kwa pupa, yale ya chumvi yanapanda kutoka chini kuziba pengo, na hayana haraka ya kurudi.

La pili nililigundua mwenyewe kwa kufuata bomba. Chujio la mchanga linaoshwa kwa kurudisha maji kinyumenyume, na yale machafu yanatupwa nje. Yana chumvi na klorini. Wale jamaa walikuwa wameyaelekeza upande wa Bi Mkubwa, chini ya ukuta, hatua kama ishirini kutoka kwenye kisima. Migomba yake mitatu ilishakuwa ya njano, yeye akidhani ni ugonjwa.

Nikachukua kile kipimo cha chumvi cha bwawa nikakitia kwenye ndoo ya kisima. Bwawa lilikuwa 3.4. Kisima 1.1. Watu walikuwa wanakunywa theluthi ya suimingi.

Nikampigia ami. Sitaki kumsema vibaya mtu aliyenipa kazi, ila alinijibu kama mtu aliye mbali: visima vyote kiangazi vinaingia chumvi, nisitafute maneno ya majirani. Hapo si mwongo. Nikamwambia basi nipunguze kuvuta. Akasema bwawa likishuka chini ya ule mdomo wa pembeni unaovuta maji ya juu, pampu itakula hewa iungue. Na hapo pia si mwongo. Akamalizia, "Kama kazi imekushinda sema, nitafute mwengine."

Usiku ule nikakaa na karatasi na kalamu. Bwawa letu lina uso wa mita za mraba 32. Kiangazi linapoteza nusu sentimita kwa siku kwa jua na upepo. Hiyo ni lita 160, ndoo nane za lita ishirini, kila siku, zinapanda hewani bila mtu kunawa hata uso. Nikakumbuka hesabu za shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lililotoa ripoti mwaka 2012 kuhusu Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Kaya ya kawaida ilikutwa inatumia lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, lita 3,195. Nilipoisoma mara ya kwanza nililaani mahoteli kama kijana yeyote wa maskani. Sasa hoteli hakuna, nipo miye na ami yangu.

Nikafanya nilichoweza bila kuomba ruhusa ya kila kitu. Bomba la maji machafu nililigeuza kwa mikono yangu, likaenda upande wa pili kabisa kwenye shimo la mawe, yanakaa huko klorini iishe kwa jua. Pampu ya kisima ikawa saa moja kwa siku, basi. Usiku nikaanza kulifunika bwawa kwa turubai la lori nililolinunua la mtumba. Baya la kutazama, lakini maji yakawa hayashuki kama zamani. Na pesa ya kupaka rangi ukuta, ambayo ami alikuwa kaileta, nikamwomba niitie kwenye mifereji ya bati. Tukabishana wiki nzima kwa simu. Mwisho akachoka, akasema fanya.

Bati letu lina mita za mraba 150 hivi. Mvua moja ya masika ya milimita 40, na huku kwetu si ya kushangaza, inashusha lita 6,000. Wallahi niliposikia tangi linagonga kwa kujaa mara ya kwanza nilitoka nje na mvua yenyewe nikacheza peke yangu. Kima wawili walikuwa wamejikunyata mkunguni wananiangalia.

Masika nayo ina mtihani wake. Aprili ile maji yalichafuka kidogo, ami akamtuma fundi mmoja kutoka mjini aje kulimwaga bwawa lote alisugue. Nikamzuia getini. Jozani ni bonde, mvua zikikolea maji ya chini yanapanda mpaka msituni unakanyaga tope. Bwawa tupu kwenye ardhi iliyojaa maji ni kama jahazi, linasukumwa kutoka chini linataka kuelea. Halielei lote, linapasuka. Fundi akaniita mtoto mdogo. Nikamwonyesha shimo la mti nililochimba juzi yake, maji yamesimama futi mbili tu kutoka juu. Akalitazama, akatikisa kichwa, akaomba nauli ya kurudia. Bwawa nikalisugua likiwa na maji yake, siku nne, klorini ya unga na mgongo wangu.

Kisima cha Bi Mkubwa nilikuwa nakipima kila Jumatatu, naandika kwenye daftari lile lile la bwawa, safu ya pembeni. Mwezi wa kwanza 1.1, wa pili 1.1, nikaanza kukata tamaa. Masika ilipoingia, 0.9. Kisha 0.7. Yeye hakuhitaji kipimo changu, alikuwa anaonja kila asubuhi kwa ncha ya ulimi na kuniambia kwa juu ya ukuta, "Leo hajambo," kama anazungumzia mgonjwa.

Ami akaja na familia kwa Idi. Bwawa lilikuwa safi, ukitupa sarafu unaiona imelala. Watoto wakaruka humo na nguo. Ila turubai limekunjwa pembeni, mifereji ya bati inaonekana, ukuta una madoa ya mvua, na ami anatembea anavitazama kimoja kimoja bila kusema. Jioni Bi Mkubwa akatualika. Wewe ukialikwa na jirani siku ya Idi unakataa? Tukaenda.

Akaleta mkate wa mofa, kuku wa nazi, na birika la chai. Chai ya kisima chake, 0.6 siku ile, nilipima asubuhi. Si mbaya kama zamani, lakini mtu aliyezoea maji ya chupa ya Maskati lazima aisikie. Ami akapiga funda. Akanyamaza. Akakitazama kikombe, akanitazama miye, kisha akamtazama mwenyeji, ambaye alikuwa anacheka na watoto habari nyingine kabisa. Akanywa mpaka kikaisha. Bi Mkubwa akamimina cha pili, nacho akakinywa.

Kurudi nyumbani tumetembea kimya. Pale getini ndipo akaniuliza, "Hii pampu yetu kwa siku inavuta lita ngapi?" Nikamtolea daftari. Akalisoma akiwa amesimama chini ya taa mpaka mbu wakamfukuza ndani.

Sitawaambia kwamba ami amekuwa malaika. Turubai bado analichukia, na amekataa katakata kulifupisha bwawa kina, ambalo nilimwomba. Lakini tangi la pili la mvua limekuja mwezi uliofuata, na uani kwetu kwa nje pana bomba ambalo nyumba zile sita saba zinateka kiangazi kikikaza. Akipiga simu siku ya Ijumaa, swali la kwanza ni kisima kiko ngapi. La pili ndiyo bwawa.

Wiki hii kisima kiko 0.5. Bwawa liko 3.2, inabidi nitie chumvi kilo kumi, na seli inaota chokaa tena. Wale wa Jaws Corner, kahawa Ijumaa nitachelewa.